Je, ni Mungu mwenye wivu aliyemchukua binti yangu?

Swali: Mimi ni mama wa Umoja, hapa Nairobi. Mwezi wa tatu tulimzika binti yetu wa pekee, wa miaka 6, baada ya kuugua siku chache tu. Kwenye ibada ya jioni nyumbani, kabla ya mazishi, mhubiri mgeni alisema Mungu ni Mungu mwenye wivu, na mtoto akipendwa kuliko Mungu, Mungu humchukua. Baadaye aliniita kando akaniambia kuna jambo la babu yangu linalofuata uzao wetu hadi kizazi cha nne, nilete Sh20,000 livunjwe kabla mimba niliyo nayo haijafika miezi saba. Sasa ni mitano. Nimekuwa nikiogopa hata kumfikiria huyu mtoto. Je, Mungu ana wivu wa namna hiyo? Nimpende huyu kwa kipimo gani? Na nikimkataa mhubiri, nitakuwa nimemkataa Mungu?

Jibu: Mama, pole sana. Pole kwa kumzika binti yako, na pole ya pili kwa neno ulilotwishwa wakati huna nguvu za kulipinga.

Jibu ni hapana. Wivu wa Mungu unaosemwa katika Biblia hauwindi watoto wanaopendwa na mama zao. Hakuna aya hata moja, tangu Mwanzo hadi Ufunuo, inayosema Mungu aliona wivu kwa sababu mzazi alimpenda mwanawe mno. Nitakuonyesha kwa nini nasema hivyo bila kusita, ili siku atakapokuja mtu mwingine na maneno yale yale uwe na mahali pa kumfungulia.

Fungua Kutoka 20. Usianzie aya ya 5 walikozoea kuanzia wengi, anzia ya 3. Aya ya 3 inakataza miungu mingine, ya 4 inakataza sanamu ya kuchonga, ndipo ya 5 inasema: usivisujudie wala kuvitumikia, kwa kuwa mimi, BWANA, Mungu wako, ni Mungu mwenye wivu. Wivu hapo umefungamana na kusujudu na kutumikia. Kilichouchochea ni miungu ya watu wengine, na ukisoma amri zote kumi hutakuta mtoto akihesabiwa miongoni mwa miungu hiyo.

Kisha fanya hivyo hivyo kwa kila aya nyingine utakayotajiwa: soma iliyotangulia na inayofuata. Kumbukumbu la Torati 4:24 inasema Mungu ni moto ulao, Mungu mwenye wivu, nayo aya ya 23 imetaja sanamu. Kumbukumbu 6:15 imetanguliwa na onyo la kuifuata miungu ya mataifa jirani. Yoshua 24:19 inafuatwa mara moja na maneno kuhusu miungu migeni. Katika 1 Wafalme 14, Yuda wanamtia Mungu wivu kwa kujenga mahali pa juu na nguzo za ibada. Zaburi 78:58 ni sanamu tena. Kutoka 34:14, ambako Mungu anasema jina lake ni Mwenye wivu, inakuja baada ya mkasa wa ndama wa dhahabu, na aya nane tu kabla yake Mungu huyo huyo amejitangaza kuwa mwingi wa huruma na si mwepesi wa hasira. Anayekupa aya ya 14 bila ya 6 amekupa nusu ya habari.

Kwa nini iwe miungu tu? Kwa sababu wivu huu ni wa agano. Pale Sinai Israeli walifunga agano na Mungu aliyewatoa utumwani, na watu wa nyakati zile walijua agano linadai nini. Mikataba ya wafalme wa Wahiti, taifa kubwa la kale jirani na nchi hizo, ya karne ya 14 na 13 kabla ya Kristo, ilimtaka mtawala mdogo amtumikie mfalme mkuu mmoja peke yake, na kuapa utii kwa mfalme mwingine kulihesabiwa uasi. Kwa upande wa ibada, majirani wa Israeli hawakuona shida mtu kumtolea huyu leo na yule kesho: mvua ikichelewa, alikwenda kwa Baali, aliyeaminiwa kuwa mungu wa mvua. Dai la Mungu wa Israeli la kuabudiwa peke yake lilikuwa geni kwao. Manabii, Hosea wa kwanza wao, walilieleza dai hilo kwa mfano wa ndoa, na Paulo akaufuata alipowaambia Wakorintho kwamba anawaonea wivu, wivu wa Mungu, maana amewaposea mume mmoja, Kristo (2 Wakorintho 11:2).

Hapa niweke neno moja kando, kwa sababu mfano huu unatumiwa vibaya katika nyumba nyingi za mji huu. Mume anayempiga mkewe na kudai wivu wake unafanana na wa Mungu anakufuru. Katika Hosea 11:9 Mungu anasitisha hasira yake, na sababu anayoitoa ni hii: mimi ni Mungu, wala si mwanadamu. Hata sheria ya Musa, katika Hesabu 5, ilimwamuru mume mwenye shuku amlete mkewe kwa kuhani. Haikumruhusu ajihukumie mwenyewe nyumbani.

Turudi kwa binti yako. Tofauti ambayo mhubiri aliipita ni hii: mwenye husuda anataka cha mwenzake, au anaumia mwenzake akiwa nacho, mwenye wivu wa agano anawalinda walio wake wasipotee mikononi mwa anayewaangamiza. Paulo anasema upendo hauhusudu (1 Wakorintho 13:4). Mungu kumtazama mama anayemsuka binti yake nywele na kuudhika ingekuwa husuda, na husuda Wagalatia 5:21 inaiweka kati ya matendo ya mwili. Hatuwezi kumpa Mungu tabia ambayo Neno lake linatuamuru tuivue.

Tena, wivu wetu wanadamu huzaliwa na hofu ya kupoteza. Mungu hapotezi. Zaburi ya 50 inasema kama angekuwa na njaa asingetuambia sisi, na Paulo anawaambia watu wa Athene kwamba Mungu hatumikiwi kana kwamba anahitaji kitu (Matendo 17:25). Augustino wa Hippo, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, mwanzoni mwa kitabu chake Maungamo, alimsifu Mungu kwamba ana wivu na bado ametulia, hana wasiwasi. Kanisa limelishika hilo kwa uangalifu. Karne ya 2, Marcion alipofundisha kwamba Mungu wa Agano la Kale si Baba wa Yesu Kristo, Kanisa la Roma lilimtenga, mwaka 144. Halikuufuta wivu wa Mungu kwenye Maandiko ili kumpendeza, na halikukubali pia kwamba ni wivu wa mtu mnyonge anayeogopa kunyang'anywa. Mungu asiyepungukiwa hashindani na mtoto wa miaka 6.

Sasa nakuomba usome Ezekieli 16, taratibu, siku utakayokuwa na nguvu, maana ni sura ngumu. Humo wivu wa Mungu unatajwa waziwazi, aya ya 38 na ya 42. Ni nini kilichouwasha? Soma aya ya 20 na 21: watu wa Yerusalemu waliwatwaa wana na binti zao wakawatoa kafara kwa sanamu. Na Mungu anawaita watoto hao wangu. Ndivyo ilivyokuwa katika bonde la Hinomu, ambako mfalme Ahazi na baadaye Manase waliwapitisha wana wao motoni. Yeremia 7:31 inasema Mungu hakuliagiza jambo hilo wala halikuingia moyoni mwake. Miungu iliyodai watoto ilikuwa ile mingine. Wivu wa Mungu ulikuwa upande wa watoto, na mtu anayesema Mungu humchukua mtoto ili apendwe zaidi amempa Mungu wa Israeli desturi ya Moleki, mungu aliyetolewa watoto kafara.

Wivu huo una upande mwingine ambao mahubiri yetu huusahau: Mungu huwaonea watu wake wivu anapowatetea. Yoeli 2:18 inasema BWANA aliona wivu kwa ajili ya nchi yake, akawahurumia watu wake. Zekaria 8:2 inasema ameona wivu mkuu kwa ajili ya Sayuni, na wivu huo unazaa nini? Aya ya 5: njia za mji zimejaa wavulana na wasichana wakicheza. Isaya 9 inatangaza kwamba kwa ajili yetu mtoto amezaliwa, na inamaliza kwa kusema wivu wa BWANA wa majeshi ndio utakaotenda hayo. Ungeletewa aya hizi kwenye ile ibada ya jioni, ungelia vile vile, lakini usingelia kwa hatia.

Zipo aya ambazo mtu atakutolea kama pingamizi, na ni haki zijibiwe. Ya kwanza ni Mathayo 10:37, apendaye mwana au binti kuliko mimi, hanistahili. Soma sura nzima: Yesu anawatuma wanafunzi, anawaonya watapigwa na kupelekwa mbele ya wakuu, na ndugu atamsaliti ndugu. Swali ni utamkana Kristo ili familia isikutenge? Hakuna neno pale la Mungu kumuua mtoto ili kusawazisha mizani.

Ya pili ni kuhani Eli, aliyeambiwa amewaheshimu wanawe kuliko Mungu (1 Samweli 2:29). Hii ndiyo karibu zaidi na alichosema mhubiri, basi itazame vizuri. Wanawe, Hofni na Finehasi, walikuwa watu wazima, makuhani. Walikuwa wakinyang'anya nyama ya sadaka kabla ya mafuta kuteketezwa, na wakilala na wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Eli alijua, akawakemea kwa maneno, akawaacha kazini. Kosa lake lilikuwa kuwalinda wahalifu wenye nguvu dhidi ya watu waliowaumiza. Kumnunulia binti sare ya shule na kumbusu kabla ya kulala si kosa hilo.

Ya tatu ni mtoto wa Daudi na Bathsheba. Pale nabii Nathani anasema wazi sababu: Daudi amechukua mke wa Uria na kumuua Uria. Wivu hautajwi, na kumpenda mtoto hakutajwi. Ni habari ya mfalme mmoja na damu aliyoimwaga. Biblia haiigeuzi kuwa kanuni ya kupimia kila jeneza dogo. Kuhusu Isaka, Mungu anamwita mbele ya Ibrahimu "mwanao, wa pekee, umpendaye" (Mwanzo 22:2), hasemi Ibrahimu amekosa kumpenda, na mkono wenye kisu unazuiwa.

Yesu mwenyewe alikutana na mawazo ya namna ya huyo mhubiri. Kuhusu watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu alikataa kusema walikuwa wakosaji kuliko wengine (Luka 13:4). Kuhusu kipofu wa kuzaliwa alisema hakutenda dhambi yeye wala wazazi wake (Yohana 9:3). Rafiki za Ayubu walikuwa na maelezo ya kutosha kuhusu vifo vya watoto wake kumi, na mwisho Mungu akawaambia hawakunena yaliyo sawa. Kwa nini basi binti yako alikufa? Kilichomwua ni ugonjwa. Swali la kwa nini Mungu hakuuzuia Maandiko hayalijibu kwa ajili ya mtoto mmoja mmoja, na mtu anayejifanya kulijibu kando ya jeneza amejitwalia kiti kisicho chake.

Kuhusu kizazi cha tatu na cha nne: hii ndiyo biashara kubwa, kwa hiyo tuichambue neno kwa neno. Kutoka 20:5 inasema Mungu hupatiliza maovu hata kizazi cha tatu na cha nne cha wanichukiao. Maneno hayo ya mwisho ndiyo huachwa. Aya ya 6 inaendelea kwamba anawarehemu maelfu elfu wampendao, na Kumbukumbu 7:9 inasema hata vizazi elfu. Linganisha nne na elfu. Zaidi ya hapo, katika Israeli ya kale babu, wana, wajukuu na vitukuu waliweza kuishi boma moja. Mwenye boma akileta sanamu, wote waliinama nayo na wote waliumia. Wakati wa uhamisho wa Babeli, watu walipoanza kusema wanateseka kwa ajili ya baba zao tu, Mungu alilikataza neno hilo lisitumike tena, na sura nzima ya Ezekieli 18 ilitolewa kwa jambo hilo. Aya ya 20: mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Kumbukumbu 24:16 iliweka sheria hiyo hiyo mahakamani. Ni kweli ulevi wa babu unaweza kuacha jeraha katika nyumba, na shamba lililouzwa halirudi. Hayo ni matokeo, nayo hutibiwa kwa toba, ushauri na kazi. Babu yako hana hati ya kumdai mtoto aliye tumboni mwako, wewe uliye wa Kristo, ambaye Wagalatia 3:13 inasema alitukomboa katika laana ya torati.

Sh20,000 usitoe. Angalia jinsi dai lilivyopangwa: mhubiri amemkuta mfiwa, amemwita kando asiwe na shahidi, amempa tarehe ya mwisho, amemtishia kwa mtoto. Dai la namna hiyo likija tena, iwe kwa simu au kwa ujumbe, usilijibu peke yako. Mwite mumeo, na mzee wa kanisa lako au kiongozi wa jumuiya, lisemwe mbele yao. Ukiwa umeshatuma kiasi, weka ujumbe wa M-Pesa, usiufute, na umweleze mchungaji wako. Na ukitaka kujua wivu wa Mungu huangukia wapi katika jambo kama hili, soma Yohana 2:13-17. Yesu anapindua meza za wavunja fedha hekaluni, na wanafunzi wake wanakumbuka andiko: wivu wa nyumba yako utanila. Katika Injili yote ya Yohana hapo ndipo wivu huo unapotajwa, na unawaangukia wafanyao nyumba ya Mungu kuwa soko.

Umeuliza umpende huyu anayekuja kwa kipimo gani. Usimpunguzie. Tito 2:4 inawaamuru wanawake wazee wawafundishe vijana kuwapenda watoto wao, na hakuna kiwango kilichowekwa. Katika Isaya 49:15 Mungu anapotaka tuelewe anavyotukumbuka anachukua mama na mtoto anyonyaye kuwa kielelezo. Asingechagua upendo unaomuudhi ili kueleza wake. Augustino alimwita heri yule ampendaye Mungu, na rafiki yake ndani ya Mungu. Hapo suala ni utaratibu wa mapenzi, na uzito haupunguzwi. Ukitaka dalili ya mtoto kuwa sanamu, itafute kwenye unachokubali kutenda kwa ajili yake: kumnunulia mtihani ulioibwa, kuhonga ili aliyestahili nafasi akose, kwenda kwa mganga usiku. Kumwota, kumwekea akiba ya nguo, kumwimbia akiwa tumboni, hayo yafanye leo.

Kwa sala, usijilazimishe shukrani ambazo huna. Zaburi 13 ina aya 6 tu na inaanza na "hata lini". Zaburi 88 inaishia gizani bila faraja, nayo imo ndani ya Biblia ili mtu kama wewe awe na maneno. Soma moja asubuhi, kwa sauti, na umtaje binti yako kwa jina lake. Mumeo asome nawe kama anaweza. Wanaume wengi huachiwa kupokea wageni na kuhesabu michango, hakuna anayewauliza wao.

Kwenye kliniki, mwambie muuguzi kwamba ulimpoteza mtoto mwaka huu na ugonjwa gani, aandike kwenye kitabu chako. Kama hulali, huli, au wazo la kutaka kufa limepita kichwani, mwambie siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki. Hiyo si imani haba. Huzuni nzito katika ujauzito inatibika, na daktari akikupa rufaa kwa mshauri, nenda.

Na swali lako la mwisho: ukimkataa mhubiri huyu, hujamkataa Mungu. Unaweza kumjibu kwa heshima, kwa sentensi moja: "Mchungaji, nimesoma Ezekieli 18, na sitalipa." Halafu nyamaza. Akisema unamjaribu Mungu, mwombe akuonyeshe aya ambayo nabii au mtume alidai fedha kwa mama aliyefiwa. Elisha alipomrudishia mama wa Shunemu mwanawe, alimwambia tu amchukue mtoto wake (2 Wafalme 4:36). Yesu, pale Naini, hakumwuliza mjane chochote. Alimwambia usilie, akamrudishia kijana wake.